Kama hatua ya giza haihitaji mwanga, mbona husimama usiku?

Mwalimu mmoja wa baiolojia, anayefundisha kidato cha tano na cha sita mkoani Singida, ameniandikia kuhusu kipindi chake kimoja cha usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyotengeneza sukari kwa mwanga. Alifundisha, kama vitabu vingi vinavyoeleza, kwamba kuna hatua ya mwanga inayotengeneza ATP na NADPH (molekuli zinazobeba nishati na elektroni), kisha kuna hatua ya giza inayovitumia vitu hivyo viwili kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa sukari, na kwamba hatua hii ya pili haihitaji mwanga. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: kama haihitaji mwanga, mbona haiendelei usiku? Mwalimu akajibu kwamba usiku ATP na NADPH huwa zimekwisha. Hapo akasimama kijana mwingine aliyekulia Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, akasema amesoma mahali kwamba mkonge hufyonza kaboni dayoksaidi usiku. Basi mkonge, angalau, si unafanya hatua ya giza gizani? Mwalimu anaeleza kwamba kipindi kiliisha bila yeye mwenyewe kuridhika na jibu lake, na anaomba msaada kabla hajarudi darasani.

Mwalimu, pokea salamu zangu, na uwafikishie wanafunzi hao wawili pia, kwa sababu wameuliza maswali ambayo wataalamu wa mimea walihangaika nayo kwa miaka mingi. Jibu ulilotoa si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ni hii: usiku, vimeng'enya vya hatua hiyo, yaani protini zinazoendesha kazi zake za kemia, hufungwa. Mmea hausubiri hatua hiyo, ambayo ni mzunguko uitwao mzunguko wa Calvin, uishiwe nguvu na kusimama wenyewe kama gari lililokwisha mafuta. Unaufunga, na kinachoufungua tena asubuhi ni mwanga. Kwa hiyo jina "hatua ya giza" linapotosha, na ningekuwa na uwezo ningelifuta katika vitabu vyote vya shule.

Tuanze na hilo la ATP na NADPH kwisha. Jani lililoko gizani linaendelea kupumua: mitokondria zake huvunja sukari na kutengeneza ATP usiku kucha. Ndani ya kloroplasti nako, sehemu ya seli ambamo usanisinuru hufanyika, kuna kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfati dihaidrojenesi, ambacho huvunja sukari iliyotokana na akiba ya mchana na kutoa NADPH kwa ajili ya kazi nyingine za seli. Vitu hivyo viwili ni vichache usiku kuliko mchana, lakini havijakwisha kabisa. Sasa chukulia kwamba vimeng'enya vya mzunguko wa Calvin vingeachwa wazi usiku. Mmea ungevunja wanga kupata NADPH na ATP, halafu ungetumia NADPH na ATP hizo kutengeneza sukari ileile iliyovunjwa. Ni sawa na mtu anayechota maji kwenye pipa na kuyarudisha kwenye pipa hilohilo, huku kila safari yakimwagika kidogo njiani; alfajiri pipa limepungua na hakuna aliyekunywa. Karibu kila kufuli nitakayoieleza hapa ipo ili kuzuia hasara ya namna hiyo.

Jina lenyewe lina historia yake. Katika miaka ya 1940 na 1950, huko Berkeley, California, Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham walitumia kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi, kufuatilia njia inayopitwa na kaboni ndani ya seli za mwani, na Calvin akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961. Katika utafiti wa zama hizo ilionekana kwamba mwani uliomulikwa kwanza, kisha ukaingizwa gizani, uliendelea kufyonza kaboni kwa muda mfupi. Waliofundisha baadaye walilishika neno "gizani" na kuliacha neno "muda mfupi", na hilo la pili ndilo lililobeba siri.

Siri hiyo niliiona kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Nilipewa kazi ya kupima kimeng'enya kimoja cha mzunguko huu, fruktosi-1,6-bisfosfatesi, kilichotolewa kwenye kloroplasti za spinachi. Kipimo chenyewe si kigumu kukieleza: kimeng'enya kikifanya kazi, vimeng'enya viwili vya kusaidia hulichukua zao lake na kuligeuza mpaka NADPH inatokea, na kwa kuwa NADPH hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, mashine huchora mstari unaopanda. Mstari wangu ulilala chali. Nilibadilisha kila kitu nilichoweza kubadilisha, nikaamini kwamba nimekiua kimeng'enya wakati wa kusaga majani. Msimamizi wangu akapita, akatazama karatasi, akauliza kama nimeweka DTT, kemikali yenye harufu ya yai viza ambayo kazi yake ni kuzipa elektroni atomu za salfa zilizoshikana. Sikuwa nimeweka. Nikaiongeza, nikasubiri, na taratibu mstari ukaanza kuinuka. Kimeng'enya kilikuwa hai muda wote. Kilikuwa kimefungwa tu, kama kilivyokuwa ndani ya jani usiku.

Kufuli hiyo inafanya kazi hivi. Fruktosi-1,6-bisfosfatesi ya kloroplasti ina kipande cha ziada ambacho ndugu yake wa nje ya kloroplasti, anayefanya kazi hiyohiyo kwenye saitoplazimu, yaani majimaji ya seli, hana. Kwenye kipande hicho kuna asidi amino za sisteini, ambazo kila moja ina atomu ya salfa. Atomu mbili za salfa zikiungana huunda daraja, na daraja hilo huvuta umbo la kimeng'enya na kukifanya kilegee kazini. Daraja likivunjwa kwa kupewa elektroni, umbo hukaa sawa na kazi huanza. Katika maabara elektroni zilitoka kwenye DTT. Ndani ya jani zinatoka kwenye mwanga: klorofili ikipigwa na jua husukuma elektroni, elektroni hupita kwenye mfumonuru wa kwanza na kupokelewa na protini ndogo ya chuma iitwayo feredoksini, feredoksini huzikabidhi kwa kimeng'enya cha kati, nacho huzikabidhi kwa protini nyingine ndogo iitwayo thioredoksini, na thioredoksini ndiyo inayokwenda kuvunja madaraja ya salfa kwenye vimeng'enya. Bob Buchanan na wenzake, nao wa Berkeley, ndio walioifumbua njia hii hatua kwa hatua kuanzia mwisho wa miaka ya 1960.

Naomba, Mwalimu, uwasisitizie wanafunzi jambo moja hapa. Elektroni zilezile zinazotoka kwenye mwanga hugawanywa. Nyingi zinakwenda kutengeneza NADPH, yaani malighafi. Chache zinakwenda kwenye thioredoksini, yaani amri. Mwanga unaleta unga na kuni jikoni, na mwanga huohuo unaleta ufunguo wa mlango wa jiko. Jua likizama, elektroni hukoma kuja, na oksijeni iliyomo kwenye kloroplasti, kwa kupitia protini nyingine zinazopokezana, huzirudisha zile salfa kwenye madaraja yao ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mwani wa majaribio uliendelea kwa muda mfupi tu: ulitumia NADPH na ATP zilizosalia, na vimeng'enya vikafungwa.

Mzunguko wa Calvin una vimeng'enya 11. Vinavyopokea amri ya thioredoksini ni vinne: fruktosi-1,6-bisfosfatesi niliyoitaja, sedoheptulosi-1,7-bisfosfatesi, fosforibulokinesi, na gliseraldehaidi-3-fosfati dihaidrojenesi. Majina ni marefu na sidhani kama mwanafunzi apaswa kuyakariri, lakini inafaa ajue kwa nini ni hivi na si vingine. Vitatu vya mwanzo husimamia hatua zisizorudi nyuma, zile ambazo kaboni ikishapita haiwezi kurejea kwa njia ileile, na cha nne ndicho kinachotumia NADPH. Vimeng'enya vilivyobaki husukuma kaboni mbele au nyuma kutegemea wingi wake, kwa hiyo kuvifunga hakuna faida. Ni kama mtaro wa umwagiliaji: huhitaji kuziba kila mahali, unaweka lango pale maji yanapoteremka.

Fosforibulokinesi na gliseraldehaidi-3-fosfati dihaidrojenesi zina kufuli ya ziada ambayo mimi huiona nzuri kuliko zote. Kuna protini ndogo sana, yenye asidi amino 80 hivi, iitwayo CP12. Gizani protini hiyo hujikunja kwa madaraja yake yenyewe ya salfa, ikavishika vimeng'enya hivyo viwili kwa pamoja na kuvifunga katika fungu moja lisilofanya kazi. Thioredoksini ikija na elektroni, CP12 hulegea na kuviachia vyote viwili kwa mara moja. Mwanga hafifu unatosha kuanza kulilegeza fungu hilo, na kulipokucha linakuwa limefunguka.

Na je, kile kimeng'enya cha usiku, glukosi-6-fosfati dihaidrojenesi? Nacho kina daraja la salfa, ila limewekwa kinyume: likiwepo, kimeng'enya kinafanya kazi, thioredoksini ikilivunja, kinalala. Kwa hiyo ufunguo mmoja, kwa kuzungushwa mara moja, hufungua mlango wa kutengeneza sukari na kufunga mlango wa kuivunja. Ukimweleza mwanafunzi wa kwanza jambo hili moja tu, swali lake litakuwa limejibiwa vizuri kuliko vitabu vingi vinavyojaribu kulijibu.

Kuna msaada mwingine unaotokana na mwanga bila kupitia salfa. Hatua ya mwanga husukuma ioni za haidrojeni kutoka stroma, yaani majimaji ya kloroplasti ambamo mzunguko hufanyika, kwenda ndani ya thailakoidi, yaani vifuko vyenye klorofili, na hivyo pH ya stroma hupanda kutoka karibu 7 gizani hadi karibu 8 kwenye mwanga, na ioni za magnesiamu huongezeka humo. Vimeng'enya vya mzunguko hupendelea hali hiyohiyo ya mchana.

Sasa tuje kwa Rubisko, ambacho ndicho kinachoikamata kaboni dayoksaidi yenyewe. Nakiwekea nafasi kubwa kwa sababu maisha ya karibu kila kiumbe anayekula yamepita mikononi mwake. Ni kimeng'enya kikubwa, chenye vipande 16, na katika majani ya ngano, mpunga au maharage kinaweza kufikia hadi nusu ya protini zote zinazoyeyuka. Mmea hulazimika kukiweka kwa wingi hivyo kwa sababu ni kizito wa kazi: kila mahali pa kazi pake hukamilisha molekuli 3 hivi kwa sekunde, ilhali vimeng'enya vingi vya kawaida hukamilisha mamia au maelfu. Tena mara nyingi kinakosea na kushika oksijeni badala ya kaboni dayoksaidi.

Kabla Rubisko hakijaanza kazi, lazima kitayarishwe. Molekuli moja ya kaboni dayoksaidi hujishika kwenye asidi amino ya laisini iliyo nafasi ya 201, kisha ioni ya magnesiamu hukaa juu yake. Molekuli hii haigeuzwi sukari. Ni sehemu ya kifaa, na molekuli nyingine ndiyo itakayofanyiwa kazi. Wanafunzi wengi huchanganya hizi mbili, nami nimesahihisha mitihani mingi yenye kosa hilo. Kwa kuwa matayarisho hayo yanahitaji magnesiamu na pH ya juu, Rubisko pia hujikuta kikifuata mwanga.

Lakini kuna shida. Sukari ambayo Rubisko hufanyia kazi, ribulosi bisfosfati, ikiingia kwenye kimeng'enya kisichotayarishwa hukwama humo na kukiziba. Ilichukua muda kujulikana jinsi mmea unavyojinasua. Jibu lilianza na mimea ya arabidopsisi, mmea mdogo unaotumiwa sana na watafiti, yenye kasoro ya kurithi, iliyoweza kukua tu palipokuwa na kaboni dayoksaidi nyingi, na kufikia mwaka 1985 kundi la William Ogren na Archie Portis nchini Marekani lilikuwa limeonyesha kwamba mimea hiyo ilikosa protini moja, ambayo waliiita Rubisko aktivesi. Protini hiyo hutumia ATP kuichokonoa sukari iliyokwama na kukiachia Rubisko nafasi ya kutayarishwa. ADP, yaani kinachobaki ATP ikishatumika, huizuia, na umbo lake moja hupokea amri ya thioredoksini, kwa hiyo nayo hufanya kazi vizuri mchana.

Maharage yana jambo la zaidi. Usiku, majani yake hutengeneza sukari fosfati iitwayo kwa kifupi CA1P, ambayo umbo lake linafanana sana na kile kinachotokea katikati ya kazi ya Rubisko. Hujichomeka kwenye Rubisko kilicho tayari kabisa na kukifunga hadi asubuhi, ambapo aktivesi huichomoa na kimeng'enya kingine huivunja. Viazi mviringo pia hufanya hivyo. Ngano hufanya kwa kiasi kidogo mno, na mpaka leo ni jambo linalonivutia kwamba mimea miwili iliyopandwa shamba jirani inaweza kuwa na kufuli tofauti juu ya kimeng'enya kilekile.

Aktivesi ina udhaifu wenye maana kwa wakulima. Haivumilii joto: Rubisko chenyewe hustahimili nyuzi nyingi za Selsiasi, lakini aktivesi za mimea mingi huanza kushindwa jani linapopita nyuzi 35 hivi, na hapo usanisinuru hushuka ingawa jua ni kali na maji yapo. Tena ni ya polepole. Jani la maharage lililo chini ya migomba hupigwa na mwale wa jua kwa sekunde chache, kivuli kinarudi, kisha mwale mwingine. Rubisko huchukua dakika kadhaa kufunguka kikamilifu, na mwale huwa umekwishapita. Kwa ngano, watafiti walikadiria mwaka 2017 kwamba kuchelewa huku kunaweza kupunguza uzalishaji kwa angalau asilimia 21. Ndiyo maana maabara nyingi sasa zinatafuta aktivesi inayoamka haraka na kuvumilia joto.

Hadi hapa nimezungumzia mlango wa kuingilia. Kaboni ikishakamatwa, mmea lazima uamue: iwe sukrosi ya kusafirishwa kwenda kwenye mizizi na mbegu, au iwe wanga wa kubaki kwenye jani kama chakula cha usiku? Uamuzi huu haupitii salfa sana, unapitia fosfati. Kwenye utando wa kloroplasti kuna protini inayobadilishana: sukari ya kaboni tatu yenye fosfati inatoka, na fosfati moja tupu lazima iingie. Asubuhi sukari hizo hutoka kwa wingi na kuingia kwenye njia ya sukrosi, ambayo mlango wake ni ile fruktosi-1,6-bisfosfatesi ya saitoplazimu isiyo na kipande cha salfa. Mlinzi wake ni molekuli iitwayo fruktosi-2,6-bisfosfati, ambayo iligunduliwa mwaka 1980 huko Ubelgiji, kwenye ini la panya, na muda si mrefu ikaonekana pia kwenye mimea. Ikiwa nyingi, mlango hufungwa. Sukari za kaboni tatu zikijaa huzuia kutengenezwa kwake, hivyo mlango hufunguka na sukrosi hutengenezwa. Mchana, sukrosi ikianza kurundikana kwa sababu haisafirishwi upesi, fruktosi-6-fosfati nayo huongezeka, mlinzi huyo hutengenezwa kwa wingi, na mlango hurudishwa.

Matokeo yake hufika mpaka ndani ya kloroplasti. Sukari zisipotoka, fosfati hairudi. Fosfati ikipungua na asidi ya 3-fosfogliseriki, yaani zao la kwanza la Rubisko, ikiongezeka, kimeng'enya kinachoanzisha njia ya wanga, kiitwacho ADP-glukosi pairofosforilesi, huchangamka, kwa kuwa kinachochewa na hiyo asidi na kuzuiwa na fosfati, kama Jack Preiss alivyoonyesha kwa kazi ya miaka mingi. Kwa hiyo wanga huongezeka jioni bila mtu yeyote kutoa amri kutoka juu. Uwiano wa molekuli mbili unatosha. Kimeng'enya hicho ndicho kilicholengwa pia katika mihogo: mwaka 2006 ilichapishwa kazi ambamo mihogo iliwekewa toleo la bakteria lenye breki iliyolegezwa, na katika nyumba ya vioo jumla ya uzito wa mizizi iliongezeka hadi mara 2.6. Nyumba ya vioo si shamba la Mtwara, lakini jaribio linaonyesha kwamba breki hiyo ni ya kweli na inaweza kuguswa.

Usiku wanga huvunjwa, na hapa nina jambo ambalo natamani ungewasomea wanafunzi polepole. Mmea wa arabidopsisi huvunja wanga wake kwa kasi isiyobadilika usiku kucha, na alfajiri takriban asilimia 95 imekwisha. Ukizima taa mapema kuliko kawaida kwa muda wa saa nne, hupunguza kasi usiku huohuo ili akiba ifike alfajiri. Mwaka 2013 kundi la Alison Smith na Martin Howard, wa John Innes Centre nchini Uingereza, lilieleza kwamba ni kana kwamba mmea unagawanya kiasi cha wanga ulichonacho kwa saa zilizobaki hadi kupambazuka, saa ambazo huzijua kwa saa yake ya ndani ya mwili. Mama anayepima unga wa siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi hufanya hesabu hiyohiyo.

Kuhusu mahindi nitasema machache. Mahindi, mtama na miwa hukamata kaboni kwanza kwa kimeng'enya kingine, PEP kaboksilesi, kisha huipeleka kwa Rubisko kwenye seli za ndani zaidi. PEP kaboksilesi huzuiwa na malati, yaani zao lake la mbele kidogo, lakini kwenye mwanga kimeng'enya maalumu hukibandika fosfati karibu na ncha yake moja, na kikishabandikwa hakisumbuliwi sana na malati. Usiku fosfati hubanduliwa. Kufuli ni ya aina nyingine, ila saa ya kufungua ni ileile.

Na hapo ndipo nafika kwa kijana wa Korogwe. Amesoma sawasawa. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, ni wa ukoo wa mimea inayofungua stomata, yaani matundu madogo ya jani, usiku na kuzifunga mchana ili isipoteze maji. Lakini kinachoikamata kaboni dayoksaidi usiku kwenye mkonge si Rubisko wala mzunguko wa Calvin. Ni PEP kaboksilesi, ileile ya mahindi, iliyogeuziwa saa. Kibandiko cha fosfati kwenye mkonge huwekwa usiku, kwa amri ya saa ya ndani, na huondolewa mchana. Kaboni iliyokamatwa hugeuzwa asidi ya maliki, yaani ile malati, na kuwekwa kwenye vakuoli, yaani kifuko cha akiba ndani ya seli, hadi alfajiri. Jua likitoka, asidi hutolewa, huvunjwa, kaboni dayoksaidi huachiwa ndani ya jani lililofungwa stomata, na Rubisko, kilichofunguliwa na mwanga kama kwa mmea mwingine wowote, huikamata kwa mara ya pili na kuitia kwenye mzunguko. PEP kaboksilesi ingebaki wazi mchana, ingegombea kaboni hiyo na Rubisko na kuirudisha kwenye asidi, na tungerudi kwenye yale maji ya pipa. Kwa hiyo hata mkonge hutengeneza sukari yake mchana.

Hili, Mwalimu, waonyeshe. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, aliyekuwa India, aliandika kwamba majani ya mmea mmoja wa jamii ya kalankoe yalikuwa machachu asubuhi, hayana ladha adhuhuri, na machungu kidogo kuelekea jioni. Si lazima muonje. Singida haina uhaba wa mpungate, ambao nao hukamata kaboni usiku kama mkonge. Chagueni mmoja uliokaa juani, ondoeni vimiba kwa uangalifu kwa kisu na kitambaa kinene, kisha kateni vipande vya uzito sawa, gramu 10 vinatosha, kimoja saa kumi na mbili asubuhi na kingine saa kumi jioni kwenye mmea huohuo. Kila kimoja kipondwe mara tu kinapokatwa, kwenye mililita 50 za maji yaliyokenekwa, kichujwe kwa kitambaa, kitiwe matone matatu ya kiashiria cha fenoftalini, kisha kidondoshewe sodiamu haidroksaidi ya molari 0.1 mpaka rangi ya waridi ibaki. Utomvu wa asubuhi utakula sodiamu haidroksaidi nyingi zaidi, kwa tofauti itakayoonekana kwa macho kwenye bureti. Fanyeni hivyohivyo kwa majani ya maharage ili wanafunzi waone kwamba kwake tofauti hiyo haipo. Kijana wa Korogwe mpe kazi ya kushika bureti.